Mwezi Uliolala Kama Dau

Jioni ya tarehe 20 Februari 1962, katikati ya mwezi wa Ramadhani, nikiwa mtoto wa miaka sita, nilisimama uwanjani mbele ya nyumba ya babu yangu, uso nimeuelekeza juu kama kuku amezaye maji, nikingoja kumwona mtu akipita mbinguni. Ami yangu, ambaye riziki yake ilikuwa kupeleka mboga na mayai kwa baiskeli katika kituo cha Wamarekani kilichokuwa Tunguu, alirudi na habari kwamba siku hiyo, baada ya safari yenyewe kuahirishwa mara kadha wa kadha, mtu aitwaye John Glenn atatiwa ndani ya chombo mfano wa kengele na kurushwa kutoka Marekani, na kwamba kabla jua halijachwa atakuwa amekwisha kupita juu ya Unguja, na wale mabwana wa Tunguu na wenzao wa Chwaka, kwa mitambo yao, wataisikia sauti yake na kusema naye. Wakubwa walikuwa wakingoja adhana na futari. Mimi nilikuwa nikingoja mtu. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Niliwaona kunguru wakirudi malaloni, nikamwona popo wa kwanza, kisha nikaitwa ndani, na mtu wa mbinguni sikumwona. Baada ya futari mwezi mpevu ulipanda nyuma ya minazi, mwekundu na mkubwa kama sinia, lakini sikuujali hata kidogo, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa kuungoja mwezi.

Glenn aliizunguka dunia mara tatu siku ile akarejea salama. Kituo chenyewe hakikudumu: walikuwapo watu tangu mwanzo waliokipinga, wakihofu kwamba kitavitia visiwa vyetu katika ugomvi wa mataifa makubwa, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa. Tunguu ile ile leo ina chuo kikuu, na vijana wanaoshuka kwenye daladala kwenda darasani wengi wao hawajui kwamba kijiji hicho kiliwahi kuwa moja ya masikio ya Wamarekani duniani. Mimi nilibakiwa na lile moja tu, yaani kuambiwa kwamba kitu kipo juu ya utosi wangu na nisikione. Na nilipokuja kuwa mwalimu wa skuli ya maandalizi, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, niliwatenda watoto wa watu, kwa miaka mingi na kwa nia njema kabisa, jambo lile lile nililotendwa mimi.

Maana somo la anga nilikuwa nikilifundisha kwa ukuta. Nilikuwa na karatasi kubwa iliyochorwa jua na sayari zake, nikishika ufito nikigusa, na watoto wakiitikia kwa pamoja: Utaridi, Zuhura, Ardhi, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na zile za mbali ambazo wazee wetu wa ilimu ya falaki hawakuzijua, kwa sababu hazionekani kwa jicho tupu. Sayari zilikuwa tisa. Mwaka 2006 wataalamu wakaitoa Pluto katika daftari la sayari kubwa, nami, kwa utiifu wa mtumishi wa serikali, nikaifunika kwa kipande cha karatasi nyeupe, na watoto wakaziitikia nane kwa furaha ile ile na kwa sauti ile ile waliyoziitikia tisa. Hapo palinipasa kushtuka. Lau ningaliwaambia ni kumi na moja, wangaliitikia kumi na moja, na wageni wa ukaguzi wangalipiga makofi.

Sikushtuka. Aliyenishtua alikuja baadaye, naye alikuwa binti wa mvuvi, mwenye umri wa miaka mitano, mkimya, asiyenyoosha mkono.

Siku hiyo niligawa karatasi na penseli za rangi, nikawaambia wachore mwezi mwandamo. Katika kitabu nilichokuwa nacho, kilichopigwa chapa Ulaya, hilali ilisimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani, na mwezi wa namna hiyo ndio niliowachorea ubaoni. Wote wakauigiza, isipokuwa binti yule. Yeye alichora mwezi umelala chali, pembe zake mbili zikitazama juu, akautilia mstari mmoja katikati. Nikamwuliza, "Na huu mstari ni nini?" Akajibu, "Mlingoti." Nikacheka, na wenzake wakacheka kwa kuwa mwalimu amecheka, nikachukua kalamu nyekundu, nikamchorea pembeni mwezi niliouona mimi kuwa ndio wa sawasawa, nikamwambia, "Mwezi husimama, mwanangu, haulali." Hakunibishia, kwani watoto wetu hawakulelewa kubishana na mkubwa. Alinitazama kwa muda, kisha akachukua kifutio akaufuta mlingoti.

Wiki tatu zilipita, ikafika tarehe 29 ya Shaabani. Kijiji kizima kilitoka kuuandama mwezi, wanaume mbele ya msikiti, wanawake na watoto penye uwazi kando ya visima, sote macho tumeyapeleka magharibi juu ya minazi. Sauti ya kwanza ilipotoka, "Ule!", nami nikaufuata mkono ulionyooshwa, niliuona mwezi mchanga, mwembamba kama ukucha, umelala chali juu ya makuti kama dau lililopwelewa. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa bibi. Nilikuwa nimeuona mwezi wa Ramadhani zaidi ya mara arubaini maishani mwangu, katika anga ile ile, juu ya minazi ile ile, na mara zote ulikuwa umelala, na mimi nikaenda nikamfundisha mtoto kwamba mwezi husimama, kwa sababu kitabu kimesema. Binti yule alikuwapo, amebebwa begani na baba yake. Hakusema neno.

Sababu ya jambo lenyewe si ngumu, ukiisha kukubali kuitazama. Upande wa mwezi unaong'aa ndio ulioelekea jua. Na katika nchi zetu hizi zilizo jirani na Ikweta, jua na mwezi huteremka karibu wima, mmoja nyuma ya mwenzake, hata jua likawa chini ya mwezi, ukaangazwa tumboni. Kwa watu wa London njia hiyo huwa ya mshazari, jua likawa ubavuni mwa mwezi, nao huuona umeinama au kusimama. Kitabu changu basi hakikusema uongo. Kilisema kweli ya kwao. Mwongo nilikuwa mimi, niliyeichukua kweli ya dirisha la mwenzangu nikaitundika kwenye dirisha langu bila kuchungulia nje.

Asubuhi ya siku ya masomo nilimwomba binti yule radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo mwalimu mwenzangu mmoja aliliona la kushusha hadhi ya kazi yetu, na pengine kwa desturi za siku zile alikuwa na haki ya kuliona hivyo. Nikampa karatasi mpya. Alichora mwezi umelala. Mlingoti hakuurudisha, wala siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na mimi sikuthubutu kumwambia auchore.

Tangu hapo niliiteremsha ile karatasi ya ukutani. Nilikuwa nimepata kuhudhuria mafunzo ya ule mpango wa madrasa za awali ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, ambao mwalimu wake wa mwanzo, Bi Swafiya Said, aliusimamisha juu ya jambo jepesi kulisema na zito kulitenda: kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza na vitu, na kwamba vitu hivyo havihitaji kununuliwa, kwa kuwa vimejaa majumbani, vifuu, kumbi, kokwa, makoa na vitambaa. Tulifundishwa kuligawa darasa katika kona, kona ya nyumba, kona ya duka, kona ya vitabu. Mimi nikaongeza kona ya mbingu, nikaweka sanduku, na ndani yake kurunzi, danzi, komwe za bao, kioo kilichokatika ncha nikakizungushia kitambaa, na mpira. Nikajitilia sharti moja moyoni: kitu ambacho mtoto hawezi kukishika hapa au kukiona kutoka uwanjani kwetu, hakitatangulia darasani.

Sharti hili lilinipeleka kwanza baharini. Kina mama wa pwani ile wamekuwa wakilima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia kwetu mwaka 1989, na mkulima wa mwani, apende asipende, ni mtumwa wa bamvua, kwa maana mashamba yake hufikika maji yanapokupwa sana, na siku za bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mtoto wa mama huyo huijua bamvua kwa njia yake mwenyewe: ni siku ambazo mama huamka na kamba na mambo, akamwacha skuli mapema, na kurudi amelowa, vidole vimekunjamana. Tukafunga uzi mrefu ukutani, na kila asubuhi mtoto mmoja akitundika simbi moja. Aliye na mama aliyekwenda mwanini alitundika simbi nyeupe. Kama hakwenda, ya rangi ya udongo. Na chini yake akachora mwezi aliouona usiku au alfajiri, au doa jeusi kama hakuuona. Saa hawakuijua, kwa hiyo tuliipima kwa uji: mama alikwenda kabla ya uji, au baada ya uji? Na kwa kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku, safari ya mama nayo ilisogea, kabla ya uji, wakati wa uji, baada ya uji, mpaka ikafika siku za maji mafu, mama akakaa nyumbani akisuka ukili.

Simbi hamsini zilikuwa zimekwisha kutundikwa pale mvulana mmoja, aliyekuwa mashuhuri zaidi kwa kumwaga uji kuliko kwa maarifa, aliposimama mbele ya uzi, akaugusa kwa kidole mahali pawili, akasema, "Mwalimu, mwezi ukiwa mzima, au ukiwa hakuna, mama haji kunichukua mapema." Nilikaa juu ya jamvi. Mabaharia wetu waliijua habari hiyo tangu karne zisizohesabika, na vitabu hueleza kwamba nyakati hizo mbili jua na mwezi huwa katika mstari mmoja, mivuto yao ikashirikiana kuivuta bahari. Lakini mtoto yule hakuipata kwa baharia wala kwa kitabu. Aliipata kwa kumngoja mama yake.

Si kila tadbiri yangu ilifaulu hivyo. Kuna wakati nilisoma kwamba uso wa mwezi, ambao madoa yake wengi wetu tukiwa wadogo tuliambiwa ni mtu aliyebeba kuni, una mashimo yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani, na kwamba yamebaki kwa sababu kule hakuna upepo wala mvua ya kuyafuta. Nikatandaza unga wa ngano katika sinia, juu yake nikanyunyiza vumbi la makaa, nikawapa watoto komwe wazidondoshe kutoka urefu wa vichwa vyao. Ilikuwa ajabu kutazama: komwe ikapiga, ukingo ukainuka pande zote, na unga mweupe wa chini ukaruka ukatawanyika juu ya weusi kama miali, kama ile ionekanayo kwenye mwezi mpevu. Wakapiga kelele za furaha. Ndipo bibi mmoja, aliyekuja kumchukua mjukuu wake, akasimama mlangoni, kanga ameifunga kifuani, akatazama sinia, akatazama unga uliomwagika juu ya jamvi, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, "Mwalimu, kwetu leo hatujui tutapika nini. Nyinyi unga mnaupiga mawe?"

Sikuwa na jibu, wala hadi leo sina. Kesho yake tulikwenda pwani na ndoo. Mchanga wa pwani zetu za mashariki ni mlaini na mweupe, umetokana na matumbawe yaliyosagika, na ukiukausha na kuuchekecha hupokea komwe vizuri kama unga, hata nikastaajabu ni kitu gani kilichonipeleka dukani. Bibi yule nilimwalika aje kutazama. Alikuja, akadondosha komwe tatu, akaniambia kwamba komwe ya tatu imeangukia mahali pa haramu, akaondoka akicheka.

Juu ya mpira nina mengi, lakini nitasema machache. Mpira wa kandanda wa watu wazima una upana wa sentimita 22 hivi. Ukiufanya kuwa dunia, mwezi utakuwa limau la sentimita sita. Niliuweka mpira katikati ya uwanja, nikawapa limau, nikawaomba waliweke mahali mwezi ulipo. Kila mtoto aliliweka karibu na mpira, pengine kwa shubiri moja, na walimu wenzangu nilipowajaribu waliliweka pale pale, kwa kuwa picha zote za vitabuni huvichora viwili hivi kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Ukweli ni kwamba kati ya dunia na mwezi huweza kuingia dunia nyingine thelathini zikiwa zimepangwa safu. Basi tuliuviringisha mpira, tukihesabu, mpaka tukafika mita sita na nusu, karibu na mti wa mkungu, tukaliweka limau pale. Kimya kikaingia. Limau lilikuwa dogo sana kule liliko. Nikawaambia kwamba kwa kipimo hicho hicho jua litakuwa duara pana la mita 24, pana kuliko msikiti wetu, nalo litakuwa mbali kiasi cha kilomita mbili na nusu na zaidi, kule kinakoanzia kijiji cha pili, na mtoto mmoja akaruka kwa shangwe, akasema, "Basi jua lipo kwa bibi!" Kwa mwaka mzima, kila alipokwenda kumtembelea bibi yake, alituaga darasani kwamba anakwenda kwenye jua.

Lakini mpira huo huo ndio ulionifundisha hadhari. Nilikuwa nimerudia mara nyingi kwamba dunia ni duara kama mpira na sisi tunaishi duniani, nao wakaitikia, na nikaridhika. Siku moja nikamwomba mtoto anionyeshe kwa kidole mahali tunapokaa sisi. Akaushika mpira, akalitafuta tundu ulipotiwa upepo, akaniambia, "Humu." Nikamwuliza, "Tumo ndani?" Akasema, "Ndiyo. Tungekaa nje tungeanguka." Wenzake wakamwunga mkono, na mmoja akaongeza kwamba sakafu ni bapa, na mbingu ni ule upande wa juu wa mpira kwa ndani, ndiyo maana huonekana kama kawa iliyofunika chakula. Nilidhani jambo hili ni la kijijini kwetu. Baadaye mkufunzi mmoja alinieleza kwamba mwaka 1992 wataalamu wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walichapisha utafiti wao juu ya watoto 60 wa Marekani, na wakawakuta miongoni mwao wenye mawazo ya namna hii hii: dunia yenye uvungu, watu ndani, na sakafu bapa. Watoto hao si wajinga. Wameambiwa na mkubwa kwamba dunia ni duara, na wameona kwa macho yao kwamba ni bapa, na kwa kuwa hawataki kumkadhibisha mkubwa wala kuyakana macho yao, huzisuluhisha kweli mbili kwa akili ambayo makadhi wengi wangeitamani. Tangu siku hiyo, kila nilipoleta mfano darasani niliuliza swali la pili: na mfano huu unatudanganya wapi? Wakalipenda swali hilo kupita kiasi. "Mwalimu, limau lina mbegu, mwezi hauna." "Mwalimu, jua haliwashwi kwa betri."

Juu ya kurunzi na danzi katika chumba cha giza, ili kueleza kuongezeka na kupungua kwa mwezi, sitaficha maoni yangu: kwa mtoto wa miaka mitano ni kazi bure, ikiwa kusudi lako ni aelewe. Walimulikana puani. Walioelewa walikuwa wawili, na mmoja nadhani alinihurumia. Roketi ya puto ndiyo iliyowafaa zaidi. Tulifunga uzi kati ya minazi miwili, tukapitisha mrija, tukalibandika puto lililojaa upepo, likaachiwa likaruka kwa mlio hadi mnazi wa pili. Hapo niliwahadithia kwamba si mbali na sisi, baharini karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la chuma juu ya miguu yake katika maji, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Tangu hapo kila puto lilikuwa na jina. La kwanza liliitwa Samaki Changu. La pili, kwa sababu niliyoijua mimi na aliyelitaja, liliitwa Uji.

Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, na Mwenyezi Mungu aliniaga vizuri. Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba, jua lilipatwa, na ilhali watu wa Rujewa, huko Mbeya, waliona pete kamili ya moto, sisi Unguja tuliona jua likiliwa sehemu yake kubwa, likabaki kipande. Wazazi wengine walinijia kwa hofu. Wengine walitaka watoto wafungiwe ndani, na mmoja alinong'ona juu ya nuksi. Imamu wa msikiti wetu ndiye aliyewatuliza, akiwakumbusha kwamba Mtume mwenyewe, jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwakataza watu wasidhani limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtu. Kisha akatangaza sala ya kupatwa kwa jua, na mimi nikatangaza kwamba hakuna mtoto atakayeinua uso kulitazama jua, kwani jua lililopatwa hupofua macho sawa na jua lisilopatwa, na kuliko hilo, kwa kuwa mng'ao wake ukipungua humshawishi mtu alitazame.

Tukalitazama ardhini. Nilichukua chekecheke kutoka jikoni, nikalishika juu ya kitambaa cheupe kilichotandazwa uwanjani, na kila tundu la chekecheke likawa dirisha dogo la kupitisha sura ya jua, hata kitambaa kikajaa vijimwezi, safu kwa safu. Kisha mtoto mmoja akageuka akatazama chini ya mwembe, akapiga ukelele. Nafasi zilizo kati ya majani zilikuwa zikifanya kazi ile ile, na kivuli chote cha mwembe, mchangani, juu ya mizizi, juu ya ndala zetu na mikono yetu, kilikuwa kimetapakaa hilali zisizo na idadi, zikicheza kila upepo ulipopita. Watoto walizikinga kwa viganja. Mmoja alikusanya nyingi kwenye kanzu yake, akatembea polepole kuondoka kivulini, akashangaa kuona zimempotea njiani. Nilizitazama zimelala vipi, nikacheka peke yangu, maana zilikuwa zimelala kila namna, kadiri jua lilivyozidi kusogea, na sikuwa na kalamu nyekundu.

Tangu Agosti ya mwaka huo tulikuwa tumechimbia ufito uwanjani, na mzazi mmoja fundi wa kujenga akauhakikisha kwa timazi kwamba umesimama barabara. Kivuli si kitu kigeni kwetu. Wazee wa msikitini wameipima kwacho Adhuhuri na Alasiri tangu zamani, kabla ya saa za ukutani kufika. Kila Jumatatu, wakati wa adhuhuri, tuliweka jiwe penye ncha ya kivuli cha ufito, na mawe yakawa yanaukaribia ufito, wiki baada ya wiki, kutoka upande wa kusini. Visiwa vyetu viko kiasi cha digrii sita kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 8 Oktoba. Lakini hayo sikuwaambia. Niliwaomba tu wazazi wao waniachie watoto siku hiyo mpaka saa sita na nusu.

Tulitoka nje saa sita kasorobo. Jua lilikuwa kali, na nikawaruhusu wavae kofia na mitandio, kisha nikaziona kofia zinaharibu kazi, nikawaomba wavue kwa muda mfupi. Kivuli cha ufito kilikuwa kimekwisha kuwa kifupi kama kidole, kikawa kama kucha, na ilipofika saa sita na dakika kumi hivi hakikuwapo. Watoto waliuzunguka ufito wakikitafuta, mmoja akapiga magoti akachungulia, mwingine akaninyooshea kidole kama kwamba nimekificha mimi. Ndipo wakajitazama wenyewe, wakaona kwamba na vyao vimekwenda.

"Kimekwenda wapi?" nilimwuliza mdogo kuliko wote, aliyekuwa amesimama wima, mikono ameibana ubavuni, hatikisiki.

"Nimekikanyaga," akasema.

Akainua mguu mmoja, polepole sana, akainama kuhakikisha, na kweli kilikuwapo, chini ya unyayo. Akaushusha mguu upesi kisije kikatoroka.